Jina Halijatoka

Kabla ya Septemba 2024 nilikuwa sijawahi kufika hata Bahi, njiani kuelekea Dodoma. Nimezaliwa Manyoni, nimesoma Manyoni, na hata chuo cha uuguzi nilikisomea humu humu mkoani Singida. Dodoma niliijua kwa taarifa ya habari na kwa maneno ya watu waliopewa rufaa kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa. Siku nilipopanda basi kwenda huko sikuwa mgonjwa wala sikuwa na mgonjwa. Nilikuwa nafuata jina langu.

Kwa wasioijua njia yetu, nieleze. Tanzania Bara mtu hawi muuguzi kwa kumaliza chuo tu. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inataka asajiliwe na awe na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na kati ya cheti cha chuo na leseni hiyo kuna mtihani wa Baraza. Zanzibar wana baraza lao, maana afya si jambo la Muungano. Wenzetu wa shahada hutangulia kutumikia mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Maombi yanafanyika kwa mtandao: unapakia vyeti na picha, unapewa namba ya malipo, ile tunayoiita kontro namba, unalipa kwa simu, halafu unakaa. Huko yanakokwenda maombi, watu wanatakiwa wajiridhishe kwamba wewe ndiwe uliyesoma, kwamba chuo chako kinatambulika na kwamba ulifaulu kweli. Wakiridhika, jina lako linatoka kwenye orodha ya watahiniwa pamoja na kituo chako. Lisipotoka huingii chumba cha mtihani, hata uwe umekariri kitabu kizima.

La kwangu halikutoka. Si langu peke yangu, la darasa letu zima. Wahitimu wa vyuo vingine walikuwa wameshaona majina yao na wameanza kuulizana nauli za kwenda vituoni. Sisi kwenye kundi letu la WhatsApp asubuhi ilianza na swali moja, "Kuna aliyeona lolote?", na usiku ukaingia na jibu moja, "Bado." Ukifungua akaunti yako unakuta maneno yale yale ya jana: maombi yanashughulikiwa. Nilikuwa nikienda stesheneri ya jirani na stendi kuangalia, kwa sababu simu yangu ilikuwa inagoma kufungua ule mfumo, na kijana wa pale alifika mahali akawa hanidai tena hela. Alikuwa ananitazama usoni kwanza kabla ya kuwasha kompyuta.

Kusubiri kwa namna ile kuna uzito wa peke yake, na sijasikia kukizungumzwa darasani. Tulifundishwa kusubiri na mgonjwa: kukaa na mama mwenye uchungu, kutomharakisha, kuandika kila nusu saa mapigo ya moyo wa mtoto. Hatukufundishwa kukaa nyumbani tukiwa na ujuzi mikononi ambao hauruhusiwi kugusa mtu. Mtaani kwetu mimi ni "sista" tangu mwaka wa kwanza wa chuo. Mtu anakuja na sindano aliyoandikiwa hospitali, anasema, "Sista, nichome tu hapa nyumbani, kule kuna foleni." Mwingine analeta kidonda. Ukimwambia huna leseni anaona unaringa. Mwenye zahanati moja binafsi alinitafuta akanipa ofa: atanilipa kwa siku, jina langu lisiandikwe popote, na wakija wakaguzi nitoke mlango wa nyuma kama mtu wa usafi. Ile hela niliihitaji, kwa sababu ada yangu ya mwaka wa mwisho baba aliipata kwa kuuza ng'ombe. Nilikataa, na sikujisikia shujaa. Nilijisikia mtu aliyefungwa mikono.

Usiku ulionitoa nyumbani ni ule wa mkamwana wa jirani yetu. Walinigongea mlango wakisema tumbo limemshika tangu magharibi. Nilimkuta ameshika mguu wa kitanda. Niliweka kiganja juu ya tumbo lake, nikatazama saa ya simu: mikazo mitatu katika dakika kumi, kila mmoja umepita sekunde arobaini. Huo si uchungu wa kusubiri asubuhi. Tukapata bajaji, tukampakia yeye na mama mkwe wake, mimi nikakaa kwa shida pembeni nikimshika mgongo kwenye kila shimo la barabara. Hospitalini muuguzi wa zamu alimpokea vizuri, akamwingiza, akafunga mlango. Mimi nikabaki benchi la nje na mama mkwe.

Nilijua kila kinachofanyika nyuma ya mlango ule. Nilijua kwamba mtoto akishatoka, na mkunga akishahakikisha hakuna pacha tumboni, oksitosini uniti 10 inachomwa pajani ndani ya dakika moja ili kondo litoke na damu isiende. Nilijua dawa hiyo inatakiwa iwe imetoka kwenye friji lenye nyuzi kati ya 2 na 8, na kwamba ikikaa kwenye joto letu la Manyoni inapoteza nguvu bila kubadilika rangi. Yule mama akanigeukia, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mbona huingii, sista?"

Sikuwa na jibu la kumpa mtu saa nane ya usiku. Mtoto alilia salama. Asubuhi yake nikamwambia baba nataka nauli ya Dodoma.

Shangazi yangu, ambaye ni mkunga mstaafu, ndiye aliyenifungia mzigo. Yeye enzi zake karatasi ya usajili ilimkuta kazini kwa posta, ilitoka Dar es Salaam, na hakuna aliyemuuliza ilikuwa wapi. Nilimwambia kwamba zamani ilikuwa rahisi. Akaniambia, "Zamani tulikuwa wawili tarafa nzima, mwanangu. Hakukuwa na wa kutuuliza, na hakukuwa na wa kutusaidia tukikosea. Nenda ukaulizwe." Nililichukua neno hilo pamoja na faili la plastiki lenye nakala za vyeti, cheti cha kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha taifa cha NIDA na picha za pasipoti.

Basi linalotoka Singida lilinichukua Manyoni asubuhi, wauza asali wakiwa bado wanapitisha chupa madirishani. Ukitoka pale nchi ni tambarare, vichaka vikavu pande zote, mashina ya kijivu yaliyosongamana yasiyoruhusu hata mbuzi kupita wima. Kisha, maeneo ya Saranda, ardhi inakatika. Nilikuwa nimesikia habari za Bonde la Ufa darasani kama jambo la kwenye ramani. Sikujua kwamba ukingo wake uko karibu na nyumbani kiasi hiki. Dereva alipunguza gia, malori yaliyopakia alizeti yakawa yanapanda kwa kuhema upande wa pili, na kupitia dirisha la kushoto niliona bonde lote limelala chini kwa rangi ya vumbi jekundu, mpaka macho yanaposhindwa. Juu ya ukingo huo huo, kusini kidogo ya barabara, ndiko iliko Kilimatinde, mji wa wamisionari na hospitali, ambako wakunga wengi wa upande wetu walipitia. Shangazi anapoitaja husimama.

Tuliposhuka chini, Kintinku, hewa ilibadilika, ikawa nzito. Bahi majaruba ya mpunga yalikuwa makavu yamepasuka. Ukanda huu una msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia kama Desemba hadi Aprili, na Septemba iko mbali na pande zote mbili. Mzee aliyekaa pembeni yangu alinisalimu kwa Kigogo, "Mbukwa," nikamwitikia na kumpa shikamoo juu yake. Aliwahi kufanya kazi reli. Alikuwa anakwenda kuhakikiwa pensheni, na yeye pia alikuwa na faili lake la plastiki mapajani.

"Na wewe mjukuu wangu unafuata nini Dodoma? Kesi?"

"Hapana babu. Jina langu la mtihani halijatoka."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari ya ugonjwa anaoufahamu. Nikaangalia mbele na nyuma. Mwalimu aliyekaa kiti cha mbele alikuwa anakwenda TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, kufuatilia uhamisho wa kumfuata mumewe. Baba mmoja alikuwa na bahasha ya mirathi. Pengine nusu ya basi lile lilikuwa limebeba karatasi. Ndipo nilipouelewa uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma kwa namna ambayo somo la uraia halikunionyesha. Kwa miaka mingi uamuzi ule ulibaki nusu: Bunge lilikuja, ofisi nyingi zikabaki Dar es Salaam, na mtu wa Manyoni mwenye shida ya karatasi alivuka Dodoma, akavuka Morogoro, akaenda kulala mjini asikokuwa na ndugu. Tangu Serikali ilipoanza kuhama kwa nguvu mwaka 2016, safari hiyo imefupika kwa zaidi ya kilomita mia nne. Wanaobishana kama Dodoma inafaa kuwa makao makuu wangepanda basi letu wakayatazama yale mafaili.

Tuliingia kwa upande wa Kizota. Nilichokiona kwanza si majengo, ni upepo. Dodoma ya Septemba ina upepo unaonyanyua vumbi na mifuko na kuvipeleka mtaa mwingine, na watu wanatembea wameinamisha kichwa wakiendelea na mazungumzo yao. Mawe makubwa yamekaa katikati ya mji kana kwamba nyumba ndizo zilizokuja kuyakuta, na ndivyo ilivyo. Kando ya barabara wanawake walipanga zabibu kwenye beseni, nyeusi na nyekundu, wamezinyunyizia maji. Basi likapita mji wote mpaka stendi kuu ya Nzuguni, upande wa pili, kwa hiyo ikanibidi nirudi katikati kwa daladala. Kondakta alisikia lafudhi yangu akajua, akanishusha Sabasaba na kunionyesha bajaji za Chang'ombe bila kunizidishia nauli. Kwa mama mdogo wangu, anayekaa huko Chang'ombe, nilikula ugali wa uwele na mlenda, nikaoga, nikalala nikiwa nimeliweka faili chini ya mto.

Asubuhi, kwenye benchi la kusubiri la ofisi ya Baraza, sikuwa peke yangu. Tulikuwa vijana kama ishirini, wa mikoa mbalimbali. Hakuna aliyehitaji kuulizwa amefuata nini. Tulijuana kwa viatu vyeusi vilivyong'arishwa na kwa namna kila mmoja alivyoshika faili kifuani. Kijana mmoja alikuwa ametoka Mtwara. Alikwenda Dar kwa basi, halafu akapanda SGR, treni ya umeme iliyokuwa imeanza kufika Dodoma Julai ya mwaka ule ule, na alikuwa bado anasimulia jinsi miti ilivyokuwa inapita. Dada mmoja wa Kigoma alikuwa amekwama kwa sababu ya jina: cheti cha kidato cha nne kina majina matatu, cha kuzaliwa kina mawili, na alikuwa amebeba hati ya kiapo ya mahakamani kuthibitisha kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Mwingine alikuwa na ndugu yake Marekani, muuguzi, aliyepitia mambo hayo hayo kwa ukubwa wa huko. Huko mtihani wa leseni unaitwa NCLEX, na haufanyiki mpaka ukae ukisubiri barua ya ruhusa. Barua ikija, huwa ina muda wake, kwa kawaida siku 90, ukichelewa unaanza upya. Mtihani wenyewe ni wa kompyuta, maswali yanaweza kukomea 85 au kwenda hadi 150 kutegemea unavyojibu. Tulisikiliza kwa makini. Kulikuwa na faraja fulani kujua kwamba hata huko mtu anaamka usiku kuangalia barua pepe.

Kisha yule wa Mtwara akatoa daftari. Nadhani alitaka tu kupunguza ukimya. Akauliza: lita moja ya dripu, iende kwa saa 8, seti inatoa matone 20 kwa mililita, ni matone mangapi kwa dakika? Tukapiga hesabu wote midomo ikicheza. Elfu moja mara ishirini, gawa kwa dakika 480. Arobaini na mbili, tukasema karibu pamoja, na mlinzi akageuka kututazama.

Ikaja ya kifafa cha mimba. Dada wa Kigoma ndiye aliyeijibu, macho ameyafumba: magnesiamu salfeti, gramu 4 mshipani polepole, kisha gramu 5 kila tako, jumla 14 za kuanzia. Akaulizwa, na kabla ya dozi inayofuata? Akafungua macho. Gonga goti, linashtuka? Hesabu pumzi, hazijashuka chini ya 16 kwa dakika? Pima mkojo, si chini ya mililita 30 kwa saa? Na kalsiamu glukoneti iwe imeshavutwa iko karibu, kwa sababu dawa inayomwokoa mama huyu ikizidi inamzimia pumzi.

Hapo ndipo maneno ya shangazi yalipokaa sawa kichwani mwangu. Nilikuwa nimekuja na hasira juu ya lango hili la mtihani na leseni. Lakini mtu anayejibu swali lile vibaya, kesho yake anaweza kuwa peke yake zamu ya usiku kwenye zahanati isiyo na daktari, na mama wa mtu mbele yake anatetemeka. Mgonjwa wa kijijini hana namna ya kujua kama aliyevaa sare nyeupe anajua au hajui. Leseni ndiyo inayomjulia. Ndiyo maana New Zealand ilitunga sheria ya kusajili wauguzi mwaka 1901, ya kwanza duniani ya nchi nzima, na Uingereza ikafuata mwaka 1919 baada ya wauguzi wenyewe kuidai kwa miaka mingi. Walioongoza madai hayo hawakuwa wagonjwa wala madaktari. Ni wauguzi waliochoka kuona kila mtu akijiita muuguzi. Mimi na wenzangu wa benchi lile hatukutaka lango livunjwe. Tulitaka kujua kwa nini hatuitwi.

Zamu yangu ilipofika, ofisa alinisikiliza mpaka mwisho, akaingiza namba yangu, akageuza kioo cha kompyuta nami nione. Maombi yangu yalikuwa kamili. Malipo yalikuwa yameonekana. Picha, vyeti, kila kitu kipo. Palipokuwa wazi ni sehemu moja: taarifa za kuthibitisha wahitimu wa darasa letu hazikuwa zimewasilishwa kutoka chuoni.

"Kwa hiyo mimi nimekosea wapi?" nikauliza.

"Hujakosea popote. Wapigie chuo. Zikija leo, zinafanyiwa kazi."

Nilitoka nje nikasimama chini ya mti, mgongo kwa upepo, nikapiga simu chuoni. Chuo sitakitaja, kilinifundisha vizuri na walimu wake nawaheshimu. Aliyepokea aliniambia bado wanalishughulikia. Nikamuuliza limekwama wapi, akasema mhusika yuko likizo. Miezi yote ile, wakati sisi tunaamka na "bado" na kulala na "bado," wakati wazazi wetu wanatuangalia kwa jicho la kutilia shaka kama kweli tulifaulu, orodha yetu ilikuwa mezani kwa mtu aliyekwenda likizo, na hakuna aliyekabidhiwa funguo. Hakukuwa na ubaya wowote ndani yake. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mtu mbaya unaweza kumshitaki.

Nikaandika kwenye kundi letu nilichokiona kwenye kile kioo, neno kwa neno. Ndani ya muda mfupi ukimya ukaisha. Kiongozi wa darasa akagawa kazi: huyu ampigie mkuu wa chuo, huyu aende mwenyewe maana anakaa jirani, huyu ampigie mwalimu wa taaluma. Tulipiga simu siku nzima bila matusi. Jioni ujumbe ukaja kwamba orodha imetumwa. Kesho yake nikarudi kwa yule ofisa kuhakikisha, akafungua, akaniambia, "Sasa zimeonekana." Mimi ni mtu wa kulia kwa shida, lakini mama mdogo aliniuliza jioni ile kama macho yangu yameingia vumbi, nikasema ndiyo.

Sikuondoka na jina. Mtihani uliokuwa unakaribia orodha yake ilikuwa imeshafungwa, ikabidi tungoje unaofuata. Kabla ya kupanda basi niliomba mama mdogo anipeleke nikaione Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyojengwa tangu miaka ya 1920, ambayo watu wengi huitaja kwa kicheko wakimtania mtu. Wanafunzi wa uuguzi kutoka vyuo vingi hupita pale kujifunza. Nilisimama nje nikaona muuguzi mmoja wa makamo akitembea na mgonjwa kivulini, wameshikana mikono, wakienda mwendo wa mgonjwa. Sikuwaona wakisema neno. Kicheko cha Mirembe sijakichangia tena tangu siku hiyo, na nikikisikia ninakikatiza.

Kurudi nilipata kiti cha dirishani. Ule ukingo wa Saranda unatisha zaidi ukiutazama kutoka chini, ukuta mzima mbele yako, na huoni basi litapita wapi mpaka linapoanza kupanda.

Majina yetu yalitoka na orodha iliyofuata, darasa zima. Kituo changu kilikuwa Dodoma, na safari hiyo ya pili niliijua njia. Swali la magnesiamu lilinifanya nimkumbuke dada wa Kigoma, nikalijibu kwa sauti yake kichwani. Leo nina leseni, na ninafanya kazi kwenye zahanati ya kijiji wilayani kwetu, ambako usiku tuko wawili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba dunia ina upungufu wa wauguzi karibu milioni sita. Sijui namba hiyo inavyoonekana mahali pengine. Kwetu inaonekana hivi: mwenzangu akiugua, zamu zote ni zangu.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wasajili na wakuu wa vyuo vya uuguzi, wa Singida, wa Dodoma na kwingineko. Matokeo ya mwisho yakishathibitishwa, tumeni orodha ya wahitimu wiki hiyo hiyo, na mwenye kazi hiyo akienda likizo, awepo mwingine anayejua faili liko wapi na neno la siri la mfumo ni lipi. Halafu waandikieni wahitimu wenu mstari mmoja tu kwenye simu: tumetuma, tarehe fulani. Na wewe unayesubiri, ukiona wenzako wa vyuo vingine wametoka na ninyi hamjatoka, msikae kila mtu kwenu mkiulizana "bado." Chagueni mmoja, mchangieni nauli, aende akaone kioo kinasema nini.